Shajara ya kitalu cha migomba, Bombo, Uganda

6 Januari

Leo tumeanza. Hajati ametupa kona nyuma ya jiko lake, mita 4 kwa 3 hivi, tujenge sanduku la unyevu la kuzalishia miche ya migomba. Tuko 9: vijana 8 waliomaliza sekondari, pamoja nami niliyeshinda miaka mingi kwenye maabara ya shule nikiosha vioo na kuchanganya dawa. Vijana wananiita Mwalimu. Si mwalimu, lakini jina limenikaa na nimechoka kulikataa. Mwenye ua ni Hajati, mwenye lusuku, yaani shamba la migomba, ni Hajati, na neno la mwisho ni lake.

Lusuku lake la bondeni limekwisha kwa kiwotoka, ule mnyauko wa bakteria ulioonekana Uganda mara ya kwanza mwaka 2001, upande wa Mukono, kisha ukasambaa. Majani yanalegea kama yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Aling'oa, akachoma, akaupumzisha udongo, akanunua ensukusa, yaani machipukizi ya kupanda, mpya kwa muuzaji mmoja wa njiani. Zikaja na ugonjwa uleule. Ndipo akaniita.

"Mwanangu, wewe umekaa na madarasa. Mgomba hauna mbegu. Sasa huyu mtoto anatoka wapi? Na mbona wakiugua wanaugua wote, kama walioapizana?"

Nimemwambia nitamjibu kwa hadubini. Amecheka. Lakini nimeandika swali lake ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa kalamu nyekundu.

Shajara naiandika kwa Kiswahili kwa sababu kikundi chetu kina Wanubi, Waganda, Mlugbara na Mwacholi mmoja, na hapa Bombo, mji wa kambi ya jeshi, hii ndiyo lugha tunayokutania bila mtu kujiona mgeni. Katiba yetu imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, ingawa ukienda ofisini nacho bado unatazamwa kama mwanajeshi aliyepotea njia.

11 Januari

Sanduku limesimama. Mbao, nailoni nyeupe juu, wavu wa kivuli, chini tofali. Fundi kadai ziada, tumemlipa nusu yake. Hakuna la maana zaidi ya hilo.

15 Januari

Kabla ya kugusa mgomba nataka vijana waone seli ikigawanyika kwa macho yao. Wote walichora picha za hatua zake shuleni: profezi, metafezi, anafezi, telofezi. Wanazijua kama majina ya vituo vya basi, wala hakuna aliyewahi kupanda basi lenyewe.

Mgomba ni mwalimu mbaya kwa somo hili, kromosomu zake, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi, ni ndogo mno. Kitunguu ndicho rafiki wa masikini. Seli yake ina kromosomu 16 tu, nazo ni nene na ndefu. Tumechukua vitunguu 6 vya sokoni, tukakwangua mizizi mikavu, tukavikalisha juu ya vikombe vya maji, makalio yakigusa maji tu. Vitunguu vingine vya sokoni havioti mizizi hata uvibembeleze. Vyetu 4 vimekubali.

19 Januari

Siku ndefu, siku nzuri.

Jana asubuhi tulikata ncha za mizizi, tukaziloweka katika spiriti vipimo 3 kwa asidi ya asetiki kipimo 1. Mchanganyiko huu unaua seli papo hapo na kuigandisha katika pozi ileile iliyokuwa nayo, kama picha ya pasipoti. Leo tumezihamishia katika asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa makali, kwenye joto la nyuzi 60, dakika 8. Hatuna mashine ya kushika joto, kwa hiyo tumetumia chupa ya chai ya Hajati yenye mdomo mpana, kipimajoto ndani, kichupa cha dawa kikielea. Asidi inalegeza gundi inayoshikanisha seli na seli. Kisha maji, kisha tone la asetokamini iliyobaki kwenye sanduku langu, rangi nyekundu inayoshika kromosomu kuliko inavyoshika kitu kingine. Tumebakiza milimita 2 za mwisho za mzizi, kwa maana hapo, nyuma tu ya kofia ya mzizi, ndipo seli zinapogawanyika. Ukienda juu zaidi utakuta seli zinazorefuka tu, hazizai tena. Kioo chembamba juu, karatasi, halafu dole gumba: bonyeza wima, usisokote.

Watatu walisokota. Vioo vitatu vimevunjika.

Kioo cha nne kilikuwa cha binti wa Kilugbara, ambaye mkono wake hautetemeki. Hadubini yangu ni ile ya kioo cha kumulikia jua, imezeeka, lakini kwa ukuzaji wa mara 400 ikatuonyesha. Kwanza seli nyingi zenye kiini cha duara, kimya. Kisha moja ambayo duara lake limepasuka kuwa nyuzi zilizoviringana. Kisha moja yenye nyuzi zimepangwa katikati kama watu kwenye mstari wa kura. Kisha, pembeni kabisa, moja yenye makundi mawili yanayoachana, kila uzi umepinda katikati kama kitu kinachovutwa kwa kiuno.

Kelele iliyopigwa hapo imemtoa Hajati jikoni.

Nimewaambia neno mitosisi, jina la mgawanyiko huu, lilitoka kwa Walther Flemming, Mjerumani aliyetazama seli za watoto wa salamanda na kulitoa jina hilo mwaka 1882, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi. Alikuwa na hadubini na rangi, kama sisi, na hakujua DNA, kemikali inayobeba urithi, ni nini. Aliona nyuzi, akaita uzi.

Hajati ameangalia kwa muda mrefu, jicho moja amelifunga kwa kiganja. Ameuliza: "Hizo nyuzi zilikuwa wapi mwanzo?" Swali zuri kuliko yote ya siku. Zilikuwapo muda wote, ila zimefumuka kwenye kiini, nyembamba kiasi kwamba hazionekani. Kabla seli haijagawanyika inanakili DNA yote, kila kromosomu inakuwa na pacha wake, wameshikana kiunoni. Ndipo zinajikaza na kuonekana. Zinajipanga, pacha wanaachana, huyu huku yule kule. Pande zote mbili zinapata 16 zilezile. Kisha, kwa kuwa mmea una ukuta mgumu na hauwezi kujibana kiunoni kama seli ya mnyama, unajenga ukuta mpya katikati, kuanzia ndani kwenda nje. "Kama kugawa chumba kwa pazia," amesema Hajati, akarudi kwenye sufuria yake.

Tumehesabu seli 200 kwenye kioo hicho. 183 zilikuwa kimya. Zinazogawanyika 17: profezi 9, metafezi 3, anafezi 2, telofezi 3. Mwacholi wetu, anayependa hesabu, kasema idadi ni saa: seli zikikutwa nyingi kwenye hatua fulani, hatua hiyo ndiyo inayochukua muda mwingi. Tukisema mzunguko mzima ni saa 20, basi mgawanyiko wenyewe ungechukua kama saa 1 na dakika 42. Anafezi ni 2 tu kati ya 200. Ndiyo maana shuleni hatukuwahi kuiona.

20 Januari

Aibu. Tulileta matunguu 12, yaani mashina ya mgomba yanayokaa chini ya udongo, kutoka lusuku la juu la Hajati. Utaratibu: chagua chipukizi lenye majani membamba kama sime, ling'oe na tunguu lake, menya mizizi na ngozi mpaka ubaki weupe, kisha litose kwenye maji yanayochemka sekunde 30 kuua minyoo na mayai ya fukusi. Sekunde 30. Simu yangu ikalia, dada yangu wa Arua, na dada yangu hana simu fupi. Niliporudi matunguu 5 yalikuwa yamekaa motoni dakika karibu 6.

Hajati ameyachoma kwa kisu, akasema yameiva, labda tulete chumvi.

2 Februari

Aibu ya pili. Yale 7 yaliyobaki tuliyazika kwenye unga wa mbao uliotoka moja kwa moja kwa seremala. Leo tumefukua: ukungu mweupe, harufu ya pombe, tunguu limelainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Unga wa mbao ulitakiwa kupikwa kwa mvuke kwanza. Nililijua hilo. Niliona haraka, na kuni ni ghali. Kuni zile nimeshalipa mara mbili sasa.

Vilevile kulitokea ubishi. Nilikuwa nimewaambia vijana kwamba ugonjwa wa mama "unanakiliwa" kwa mtoto kwa kuwa seli inanakili kila kitu. Binti wa Kilugbara akaniuliza mbele ya wote: "Mwalimu, bakteria yuko ndani ya kromosomu?" Nikanyamaza. Hayuko. Bakteria wa mnyauko anaishi kwenye mifereji ya maji ya mmea na katika nafasi kati ya seli. Yeye ni seli peke yake, hana kiini, hana nyuzi wala mistari. Ananakili DNA yake iliyo kama pete, anarefuka, anajikata katikati, wamekuwa wawili. Chipukizi linapotoka kwenye tunguu la mama linamkuta ameshahamia humo, kama mtoto anayezaliwa kwenye nyumba yenye kunguni. Kwa hiyo kuna mambo mawili na mimi niliyachanganya. Udhaifu wa mmea, yaani kutoweza kupigana na ugonjwa, huo kweli umo kwenye kromosomu na unanakiliwa. Ugonjwa wenyewe unabebwa tu. Nimefuta niliyoyaandika ubaoni, nikamshukuru. Ameinamisha uso, lakini ameona raha, nimemwona.

Tofauti hii imebadili mradi. Kama ugonjwa unabebwa, basi kumpata mama asiye nao ndiyo kazi yenyewe, na mgomba unaweza kuwa na bakteria huku ukionekana mzima. Lusuku la juu la Hajati liko mita mia chache tu na lile lililokufa. Hatutachukua tena hata tunguu moja kwake. Kumwambia hilo nimemwachia mjukuu wake.

5 Februari

Matunguu 10 mapya, yote ya aina ya Kibuzi, kutoka kwa mzee mmoja upande wa pili wa barabara ya Gulu ambaye lusuku lake halijaona kiwotoka, na ambaye hukata ua dume kwa mti wenye panda, bila panga, mara chane ya mwisho inapotokea. Wadudu wanaofuata ua lile ndio wabebaji wakubwa. Panga lenyewe ni mbebaji mwingine, kwa hiyo tumekwenda na jerikeni ya maji ya jiki na kuliosha baada ya kila mgomba. Mzee ametuangalia tukifanya hivyo akasema tuna adabu.

Unga wa mbao umepikwa kwenye pipa mchana kutwa. Sekunde 30 zimehesabiwa na watu watatu kwa sauti. Simu yangu nimeiacha kwa Hajati.

Hatua inayowashangaza vijana ni ya mwisho: unaondoa maganda ya shina moja moja, unayaona macho yaliyojificha kwenye kila duara, kisha unachukua kisu na kuchanja msalaba katikati, pale kwenye kilele, unakiua. Kwa nini kuua kichwa cha unachotaka kuzalisha? Kwa sababu kichwa hicho ndicho kinachotoa homoni inayoyaambia macho mengine yalale. Seli za macho hayo zina uwezo wote wa kugawanyika, ila zimeamriwa kungoja. Ukikiua kilele, amri inakatika.

9 Februari

Leo swali la kalamu nyekundu, nusu yake ya kwanza.

Nilimwomba Hajati leso. Akaleta sanduku zima. Leso huja doti, vipande viwili vya mchoro mmoja, na ndivyo kromosomu zinavyokaa kwenye viumbe wengi: sisi binadamu doti 23, kitunguu doti 8, mgomba wa mwitu doti 11, yaani kromosomu 22. Mmea ukitaka kutengeneza chavua au yai, hautumii mitosisi. Unatumia meiosisi. Kila kipande kinamtafuta mwenzake wa doti, wanajipanga wawili wawili, kisha wanaachana, kila seli inaondoka na kipande kimoja cha kila mchoro. Wakati wa kutungishwa, vipande vya baba na vya mama vinarudi kuwa doti.

Lakini matoke, na bogoya pia, ile ndizi tamu ya kuiva, hazina doti. Zina vipande vitatu vitatu: 11 mara 3, kromosomu 33. Tukatandika leso kwenye mkeka, michoro 11, vipande vitatu kila mmoja (mingine tuliazima kwa jirani, na michache haikufanana sawasawa, Hajati hakupenda). Nikasema: haya, wagawieni watu wawili sawasawa.

Haigawiki. Kwa kila mchoro, mtu mmoja anapata 2, mwingine 1. Tukarusha sarafu kuamua nani apate 2. Baada ya michoro 11 mtu wa kushoto alikuwa na vipande 18 na wa kulia 15, mmoja amezidishiwa mchoro huu, mwingine amepungukiwa ule. Ili seli itoke na seti kamili, lazima ipate kipande kimoja cha kila mchoro, au viwili vya kila mchoro, bila kukosea hata mara moja. Kwa hesabu rahisi ya sarafu hiyo ni nafasi 1 kati ya 1,024. Nyingine zote zinatoka na leso pungufu, na chavua ya namna hiyo haifai, yai la namna hiyo linasinyaa.

Hajati akachukua bogoya, akaikata kwa ukucha, akatuonyesha vile vidoa vyeusi katikati. "Hizi ndizo zilizotaka kuwa mbegu?" Ndizo. Na tunda linakua hivyohivyo bila kutungishwa, ndiyo bahati yetu walaji.

Kwa hiyo mtoto wa mgomba hatoki kwenye ndoa. Anatoka kwenye tunguu, kwa mitosisi tu, kila seli 33 zilezile za mama, za bibi, za bibi wa bibi. Watafiti wamekuta kwamba aina zetu nyingi za matoke, Nakitembe, Mbwazirume, Mpologoma na wenzao, zina urithi unaokaribiana mno, dalili ya kwamba zinatoka karibu chanzo kimoja. Ndiyo nusu ya pili ya jibu: wanaugua wote kwa sababu, kwa upande wa kromosomu, wote ni mtu mmoja.

Mjukuu wake akauliza, sasa kule Kawanda, kituo cha utafiti wa kilimo, wanapataje aina mpya? Kwa subira. Baadhi ya matoke, ukizipaka chavua ya mgomba wa mwitu mikungu kwa mikungu, hutoa mbegu chache, zile za bahati. Kutoka njia hiyo ndefu ilipatikana M9, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2010 kwa jina la Kiwangaazi. Hajati ameipanda, anasema si mbaya, ila si Kibuzi.

Leso zimerudi sandukuni. Moja ina alama ya kiatu. Hakuna aliyekiri.

1 Machi

Macho yamefunguka! Matunguu 9 kati ya 10. Ndani ya sanduku ni kama hamamu, ukifungua nailoni miwani inaingia ukungu. Vipembe vyeupe, vingine vya waridi, vimepasua unga wa mbao.

12 Machi

Tulijaribu mzizi wa mgomba chini ya hadubini. Vijana walitaka kuhesabu 33 kwa vidole. Tumetumia vioo 14 na siku mbili, na tulichoona ni vumbi jekundu lililojikusanya. Mwacholi anasema kahesabu 29. Binti kasema 36. Tumekubaliana kuandika "nyingi".

30 Machi

Tumevuna miche 131. Tunguu moja peke yake lilitoa 22. Kila mmoja umekatwa na mizizi yake, ukaingia kwenye kavera, mfuko wa plastiki, la udongo na samadi, chini ya kivuli. Mvua zimeshika, hatumwagilii. Nakala 131 za migomba 9 ya yule mzee. Au za mgomba mmoja, ukifikiria sana, lakini jioni ile nilikuwa nimechoka kufikiria.

28 Aprili

Imekufa 12, mingi ikiwa ile midogo tuliyoivuna kwa pupa. Imebaki 119. Hajati anachukua 60, mzee tunamrudishia 15 kwa fadhila, iliyobaki vijana watauza.

Ila mmoja umetusimamisha. Una mchirizi mweupe unaoanzia chini ya kila jani hadi nchani, upande uleule. Majani yote manne. Mjukuu alidhani ni ugonjwa, akaenda kuleta jiki. Nimekata kipande cha pembeni, hakuna usaha, hakuna kunyauka, mmea una nguvu. Ninavyoona, seli moja kwenye kilele kile kidogo, wakati wa kunakili, ilikosea herufi ya DNA inayohusu rangi ya kijani, na watoto wake wote, na wajukuu wake, wanarithi kosa hilo, nao ndio wanaojenga upande ule wa kila jani. Huwezi kuona seli iliyokosea, lakini unaona ukoo wake, umejichora.

Nilimweleza Hajati hivyo. Akauliza kama utazaa ndizi. Nikasema huenda, ila weupe hautengenezi chakula kwa jua, utakua polepole kuliko wenzake. Akaubeba mwenyewe, kavera kifuani, akauweka karibu na mlango wa jiko.

"Huu hauuzwi," amesema. "Huu ndio wa kwanza kuja na sura yake."